Nikupake Kiasi Gani?

Mteja anapokaa kwenye kiti changu, kabla sijafungua chupa yoyote ya faundesheni, humwuliza swali moja: nikupake kiasi gani? Wengi hushangaa. Wanadhani kazi ya mpambaji ni kupaka tu, kama kazi ya muuza chai ilivyo kumimina. Lakini hata muuza chai huuliza sukari vijiko vingapi.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ninasomea ualimu wa Kiswahili hapa Kampala, na siku za mwisho wa wiki ninapamba maharusi katika saluni moja ya Wandegeya, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Makerere. Nusu ya ada yangu hulipwa na baba, nusu nyingine hulipwa na nyuso za watu. Tulipoambiwa tuandike insha juu ya jambo tunalolijua vizuri, wenzangu kadhaa walichagua lugha na amani. Mimi siijui amani vizuri kama ninavyoijua faundesheni.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, faundesheni ni rangi ya ngozi iliyotiwa katika chupa. Kinachofunika ndani yake ni chembe za madini. Kuna unga mweupe wa titani, na kuna oksidi za chuma, yaani jamaa za kutu, za rangi tatu: nyekundu, njano na nyeusi. Kwa kuchanganya hizo nne hupatikana karibu kila rangi ya binadamu. Vingine vilivyobaki ni maji, mafuta na vitu vya kuifanya iteleze. Chembe zikiwa chache, faundesheni ni nyepesi: ngozi yako inaonekana, ila imetulia kidogo. Zikiwa nyingi, ni nzito, na ile nzito kabisa inaweza kufunika hata kovu la moto. Katikati ya hizo mbili ndipo kazi yangu ilipo.

Kwetu sisi watu weusi kuna jambo la ziada. Ule unga mweupe ndio wenye nguvu kubwa ya kufunika, kwa hiyo mtengenezaji asiyetufikiria akitaka faundesheni yake ifunike sana, humimina unga mweupe, na mteja wangu akitoka nje juani anaonekana kama aliyeanguka kwenye majivu. Ndiyo maana bibi zetu wengi waliamini kwamba mekapu si ya mtu mweusi. Mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Somalia, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994, na inajulikana kwamba kabla ya hapo alikuwa akijichanganyia faundesheni mwenyewe kwa kukosa inayomfaa. Mwaka 2017 Rihanna alileta Fenty Beauty yenye rangi 40 kwa mpigo, na makampuni mengine yakaanza kuhesabu rangi zao kwa aibu. Mwaka 2022 Fenty ilipoingia rasmi katika nchi 8 za Afrika, Kenya ilikuwemo. Sisi Uganda tuliisoma orodha ile mara mbili, hatukujiona, tukaendelea kuagiza kwa watu wanaokwenda Nairobi na Dubai.

Nirudi kwenye kiasi. Dada aliyenifundisha kazi alikuwa na mkono mwepesi sana. Bonyezo moja la chupa, aliniambia, linatosha uso mzima wa mtu mzima; ukiona unahitaji la tatu, basi tatizo si kiasi bali ni rangi uliyochagua. Alianzia katikati ya uso, penye wekundu na madoa, akasambaza kuelekea nje kwa sponji yenye unyevu, akigongagonga bila kuvuta, hata anapofika masikioni sponji haina kitu. Rangi aliijaribia kwenye taya, kamwe si nyuma ya mkono, kwa sababu hakuna mtu anayeolewa mkono. Kisha alimpeleka mteja mlangoni, kwenye mwanga wa jua, wangojee dakika kumi, maana faundesheni nyingi huzidi kukolea zikikauka. Taa za saluni yetu zinadanganya. Chini yake kila mtu ni mzuri.

Kama kuna doa jeusi la chunusi, hufuniki uso wote kwa ajili yake. Unatia kwanza tone la rangi ya chungwa juu ya doa lenyewe. Ile chungwa huua weusi wa kijivu wa doa, na baada ya hapo faundesheni kidogo inatosha. Wasiojua huweka tabaka juu ya tabaka, na doa linaendelea kuchungulia kama mtoto nyuma ya pazia, mpaka shavu linakuwa nene kuliko doa lilivyokuwa.

Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kwa Kiluganda nilikuwa na neno la kupaka, basi. Darasani nikakuta maneno yamepangwa kama chupa zangu. Kuna kupaka. Kuna kukandika, ambalo mwalimu alitueleza kwa mfano wa nyumba ya miti inayojazwa udongo ukutani. Nilicheka peke yangu kwa sababu nilimwona mtu niliyempita Jumamosi ile ile, amekandikwa uso mpaka kwenye nywele. Kuna kufunika, na kuna kuficha, ambavyo watu huvichanganya. Na kuna kusitiri. Hili nililipenda kuliko yote. Anayesitiri hana nia ya kudanganya. Anazuia tu macho ya watu yasifike mahali pasipowahusu. Nilianza kuwauliza wateja wangu wanaojua Kiswahili, hasa Wakongomani wanaoishi Kampala: nikupake, nikufunike au nikusitiri? Wanacheka, lakini wanajibu, na jibu lao linaniambia ni chupa ipi.

Sasa niseme juu ya kazi iliyonifanya nifikiri haya yote kwa uzito, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na jibu moja.

Ilikuwa kwanjula, sherehe yetu Waganda ya binti kuwatambulisha mchumba wake na jamaa zake nyumbani kwa wazazi, katika kijiji kimoja upande wa Masaka. Wasiojua kwanjula wafikirie hivi: mahema mawili yanayotazamana, wageni mia na zaidi, wasemaji wawili wanaopigana vijembe kwa adabu, na binti anayetoka nyumbani mara tatu au nne, kila mara akiwa na vazi jipya, akapiga magoti kuwasalimu watu. Anayemwongoza ni ssenga, yaani shangazi yake, dada wa baba. Katika mambo ya ndoa ssenga ana sauti kuliko mama. Yeye ndiye aliyeniita, yeye ndiye angenilipa: shilingi laki mbili, na nauli juu.

Nilipofika saa mbili asubuhi na kumwosha uso yule dada, nilijua siku itakuwa ndefu. Alikuwa ametumia mkorogo. Neno hili nimelipata kwa Watanzania na silijui lililo bora zaidi: krimu mbili tatu zilizokorogwa pamoja na muuzaji ambaye hata yeye pengine hajui kilichomo. Mara nyingi ndani yake kuna haidrokwinoni, au zebaki, au dawa kali za jamii ya steroidi ambazo daktari angekuandikia kwa wiki mbili tu kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku hapa Uganda kama ilivyo Tanzania, na Mkataba wa Minamata juu ya zebaki uliopitishwa mwaka 2013 unaviandama vyenye zebaki duniani kote. Lakini marufuku ni ya karatasi. Mkorogo unauzwa kwenye kikopo kisicho na jina.

Alikuwa ameuacha miezi minne kabla. Kwa hiyo ngozi ilikuwa inarudi, na ilikuwa inarudi kama mvua ya kwanza, hapa imenyesha, pale bado. Paji la uso lilikuwa la njano. Mashavu yalikuwa na mawingu meusi. Chini ya macho ngozi ilikuwa nyembamba mpaka mishipa ilionekana. Shingo na kifua vilikuwa rangi yake ya kuzaliwa, hudhurungi nzuri iliyokolea, na vifundo vya vidole vyeusi kabisa, kwa sababu pale mkorogo huwa haushindi.

Msomaji, tazama tatizo. Nikimpaka rangi ya uso, shingo inasema siri yake mbele ya wageni wote. Nikimpaka rangi ya shingo, jamaa za bwana, ambao walipokuja kumwona mara ya kwanza walimkuta mweupe, watanong'ona: huyu ndiye yule? Na kiasi je? Kuyafunika mawingu yale yote kwa faundesheni nzito kunawezekana, ninayo chupa ya hivyo, lakini ngozi iliyochubuliwa haipendi kubebeshwa mzigo. Inawasha, inatoa jasho, na kufika saa tisa mchana rangi huanza kupasuka pembeni mwa pua.

Ssenga alikuwa na jibu tayari. "Mwanangu, mpake ile ya kung'aa. Uso, shingo, kifua, mikono, vyote. Atoke kama walivyomwona siku ile."

Mama yake binti, aliyekuwa akikunja mashuka pembeni, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mimi nilizaa mtoto mweusi."

Chumba kikanyamaza. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, na anayelipa alikuwa ameshasema. Katika kazi hii wapo wanaosema mteja ni yule mwenye pesa. Mimi nadhani mteja ni mwenye uso. Nikainama nikamwuliza yule dada sikioni kwa sauti ndogo swali langu la kila siku: dada, nikupake kiasi gani?

Hakujibu juu ya rangi. Alisema: "Nikifika mbele ya jajja nitalia. Najijua. Nataka nikilia isionekane."

Jajja ni bibi, na bibi huyu ndiye aliyemlea. Na kwa jibu hilo kazi yangu ikawa na mwanzo. Machozi hayana ugomvi na tabaka jembamba. Yanapita, unagusa kwa kitambaa, yamekwisha. Juu ya tabaka nene yanachora njia, na njia hiyo huwezi kuiziba bila kuvua uso wote na kuanza upya, jambo ambalo haliwezekani mbele ya mahema mawili. Tulijifunza darasani methali isemayo uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Wenzangu waliijadili kama methali ya wanafiki. Mimi naiona ni methali ya kiufundi.

Nikaiacha chupa nzito ndani ya mkoba. Juu ya mawingu ya mashavu nilitia rangi ya chungwa, kidogo sana, kwa ncha ya kidole, kwa kuwa brashi ingemwumiza. Nikachanganya faundesheni mbili nyuma ya kiganja: moja ya rangi ya shingo yake, moja nyepesi kwa daraja mbili. Katikati ya uso nikaweka mchanganyiko ulioegemea wepesi kidogo. Nilivyokwenda nje nikaongeza ile nyeusi, hata taya na shingo vikakutana bila mpaka. Bonyezo moja na nusu kwa jumla. Chini ya macho, penye mishipa, konsila ya kiasi cha punje ya mtama. Kifuani, ambapo shingo ya mraba ya gomesi ingeacha wazi, sikuweka faundesheni hata kidogo, mafuta tu. Faundesheni kifuani huhamia kwenye gomesi ya hariri, na gomesi ile ilikuwa ya kuazima.

Vidole sikuvigusa. Ukianza kupaka vidole, umeshaingia katika kuficha, na kuficha hakuna mwisho: baada ya vidole ni viwiko, baada ya viwiko ni miguu.

Alipojitazama kwenye kioo alikaa muda. Hakuwa mweupe wa siku ile wala mweusi wa kuzaliwa; alikuwa katikati, na katikati ndipo alipokuwa kweli asubuhi ile. Ukimsogelea uliona kwamba shavu la kushoto lina kivuli. Alikiona. Akasema, "Kiache hicho."

Ssenga hakufurahi. Alisema nimempaka kama anayekwenda sokoni. Kwa haki yake, niseme kwamba ssenga hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na hofu. Kwetu sisi, binti akisemwa, anayesemwa kwanza ni ssenga wake. Alikuwa ameona posa nyingine ikivunjika katika ukoo huo huo, akilaumiwa yeye. Kwa hiyo binti alipoingia kubadilisha vazi la pili, na mimi nikiwa nimekwenda kutafuta maji ya kulowesha sponji, alichukua poda yake mwenyewe kutoka kwenye mkoba akampiga uso mzima. Poda nyeupe, ya siku nyingi. Niliporudi nilikuta kazi imekwisha.

Machoni haikuwa mbaya sana. Lakini poda za namna ile hurudisha mwanga wa kamera, na mpiga picha alikuwa anatumia taa kwa sababu mahema yalikuwa na kivuli. Nilimwona akitazama kioo cha kamera yake, akinitazama mimi, kama kwamba ndiye niliyeua mtu. Vazi la tatu niliwahi mlangoni kabla ya ssenga. Nikaipunguza poda kwa sponji yenye unyevu, taratibu, bila kuongeza kitu. Hapo ndipo wepesi wa asubuhi uliponisaidia: tabaka jembamba unaweza kulitengeneza njiani. Lingekuwa nene, poda ingelishikana nalo kama saruji.

Alilia, kama alivyosema. Alipopiga magoti mbele ya jajja yake, bibi alimshika uso kwa mikono miwili, vidole gumba vikapita chini ya macho, mahali pale pale pa mishipa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya hema na kitambaa mkononi, roho ikidunda, kwa sababu ule ndio mtihani ambao hakuna kozi ya mapambo inayoufundisha. Bibi akasema kitu ambacho sikukisikia, akamwachia. Vidole vya bibi vilitoka vimelowa, havikutoka na rangi. Nilihema.

Jioni ssenga alinilipa laki moja na nusu. Elfu hamsini aliikata, akasema ni ya kazi ambayo alilazimika kuimaliza mwenyewe. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama ilivyo adabu, nikapanda gari. Njia nzima nilihesabu: elfu hamsini ni kama nusu ya kitabu cha isimu. Hasira ilikuwepo. Haikunifanya nitamani kwamba ningemfungulia ile chupa nzito.

Wapo wapambaji wenzangu watakaonipinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema sherehe ni siku moja, picha ni za maisha, na kamera hula nusu ya rangi, kwa hiyo lazima ukolezee. Ni kweli kamera hula. Kwa harusi ya usiku ukumbini, chini ya taa, naongeza mwenyewe, na kuna maharusi wanaotaka uso wa sinema, nami nawapa mpaka tone la mwisho, kwa sababu uso ni wao na wameniambia. Siku moja nilimpamba mama mwenye kovu la moto kutoka sikioni hadi kidevuni. Yeye alitaka nzito, alitaka kwa saa sita tu watu wamtazame macho badala ya shavu, na tulikaa saa nzima tukilijenga shavu lile. Kwake neno lilikuwa kusitiri, na kusitiri kwake kulihitaji tabaka tatu. Kwa hiyo simsemi mtu kwa wingi wa faundesheni. Ninachokikataa ni kiasi kinachoamuliwa na mtu mwingine, awe ssenga, awe mpiga picha, awe bwana harusi anayetuma picha ya msanii na kusema mpake awe hivi.

Yule dada alinitafuta wiki tatu baadaye. Alitaka kujua majina na namba za zile chupa mbili, apake mwenyewe akienda kazini. Nilimwambia zote mbili peke yake hazitamfaa, na zikichanganywa zitamfaa kwa muda tu, maana ngozi yake bado inarudi. Tukakubaliana aje saluni. Nilimchanganyia katika kichupa kidogo, matone manne ya ile iliyokolea kwa matone matatu ya ile nyepesi, nikamwandikia kwa kalamu juu ya plasta iliyobandikwa kwenye chupa. Alirudi baada ya miezi miwili, uso umekolea kuliko chupa. Tukafanya matano kwa moja. Mawingu ya mashavu yalikuwa bado yapo. Daktari wa ngozi alikuwa amemwambia huenda mengine yasiondoke, ajikinge na jua na avumilie.

Mwezi uliopita alikuja tena, safari hii na jajja yake ambaye alikuwa amekuja mjini kupimwa macho. Bibi alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama chupa zangu moja moja, akauliza bei, akaguna. Nilichukua kichupa, nikashika ile iliyokolea, nikahesabu matone. Nilipoinyoosha mkono kuchukua ile nyepesi, nikamtazama taya yake mlangoni, kwenye jua, nikairudisha mahali pake.